Kunakili ao kuhamisha? Historia ya kitendo kidogo chenye kinapoteza kazi za wasomi



Kuna kitendo tunafanya kila siku bila kukiwaza: kushika faili kwa kipanya, ile tunaita souris, kuivuta, na kuiachilia mu folda ingine. Ukisha kuiachilia, ile faili iko wapi? Iko pahali pawili, ao pahali pamoja tu? Uliza watu kumi mu sekretariati publiki yoyote pembeni ya universite, watakujibu mbalimbali. Na ajabu ni hii: wote wanaweza kuwa na haki, sababu jibu linategemea faili imetoka wapi na inaenda wapi.

Zamani, mtu akikosea hapo alipoteza dakika tano za kutafuta. Leo anaweza kupoteza kazi ya mwaka mzima, na siyo yake peke: hata ya wenzake wote wenye wanatumia folda moja naye. Njo maana ninaandika. Ninataka tufuate historia ya jambo hili. Nani aliamua kwamba kuvuta faili mara kunanakili, mara kunahamisha? Lini, na kwa sababu gani? Na kwa nini ile kanuni, yenye ilikuwa nzuri mu 1984, inatudanganya mu wakati huu wa Google Drive, OneDrive na Dropbox?

1. Muche, kipande na daftari

Sisi wa agronomia tunajua hii tofauti tangu mwaka wa kwanza. Ukitoa muche wa kahawa mu pepinieri na kuupanda mu shamba, pale ulikuwa panabaki tundu. Umehamisha. Ukikata kipande cha mmea wa viazi vitamu na kukipanda pahali pengine, mmea wa kwanza unaendelea kukua na wa pili unaanza. Umenakili. Mvua ya mawe ikiharibu shamba la pili, bado uko na la kwanza.

Mu kompyuta kuna jambo moja la kuongeza. Faili iko na sehemu mbili: maandishi yenyewe, yenye yamelala ku diski, na jina lake, lenye limeandikwa mu daftari ya diski. Ukihamisha faili ndani ya diski moja, maandishi hayasogei hata kidogo. Mashini inafuta mstari mu daftari na kuandika mstari mwingine, sawa vile ofisi ya viwanja inabadilisha jina la mwenye kiwanja bila kiwanja kutembea. Njo maana video ya gigabaiti tatu inahama mara moja, kufumba na kufumbua, toka folda moja kwenda ingine. Lakini ukiipeleka ku flash unangoja dakika nyingi, sababu hapo mashini inaandika upya kila kitu.

Shika hiyo picha ya daftari. Historia yote yenye inafuata inatoka hapo.

2. Wakati wa kuandika amri

Mu mwanzo wa miaka ya 1970, ku Bell Labs, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wanatengeneza mfumo wa Unix. Kitabu chake cha kwanza cha maelezo kina tarehe 3/11/1971, na ndani tayari kuna amri mbili: cp ya kunakili, na mv ya kuhamisha. Ile mv ilifanya kazi mbili: kubadilisha jina la faili, na kuipeleka mu folda ingine. Kwa Unix, hayo yote ni jambo moja, sababu yote yanagusa daftari tu.

Upande wa kompyuta ndogo za ofisi, mambo yalikwenda polepole. Mfumo wa DOS ulitoka mu 1981 na amri ya COPY, lakini bila amri ya kuhamisha. Mwanzoni hakukuwa hata folda za ndani. Zilikuja na DOS 2.0 mu 1983. Amri ya MOVE yenyewe ilingoja MS-DOS 6.0, mu 1993. Kwa miaka kumi, mwenye alitaka kuhamisha faili ilibidi ainakili kwanza kwa COPY, kisha afute ya zamani kwa DEL.

Ilichosha. Lakini ilikuwa na faida: kati ya amri ya kwanza na ya pili, mtu alipata nafasi ya kuangalia kama kopi imefika salama. Hakuna kitu kilitoka pahali pake bila mtu kuandika kwa vidole vyake kwamba kifutwe. Mutaona vile tumeipoteza ile nafasi.

3. Meza yenye picha

Kampuni ya Xerox ilikuwa na maabara ku Palo Alto, California. Mu miaka ya 1974 na 1975, Larry Tesler na Tim Mott walitengeneza pale programu ya kuandika yenye jina Gypsy. Humo njo mulitokea ile namna ya kukata, kunakili na kubandika yenye sisi tunaijua kwa Kifaransa: couper, copier, coller. Ukitumia Ctrl-C na Ctrl-V juu ya TFC yako, unafanya kazi na mawazo ya wale watu wawili.

Mu 1981 Xerox ikauzisha kompyuta yenye jina Star, kwa zaidi ya dola 16 000 kila moja. Ku kioo chake kulikuwa picha za folda, za karatasi na za printa, kama meza ya ofisi. Na ku klavie yake kulikuwa funguo za pekee, moja ya kuhamisha na moja ya kunakili. Mtumiaji alichagua kitu, akafinya funguo ya kitendo chenye alitaka, kisha akaonyesha pahali pa kukipeleka. Ni kusema, mtu alitangaza kwanza nia yake, na mashini ikafuata.

Apple ilikuja nyuma. Lisa ilitoka mu Januari 1983 kwa dola 9 995. Macintosh ikatoka tarehe 24/1/1984 kwa dola 2 495. Programu ya Macintosh ya kupanga mafaili iliitwa Finder, na waliyoiandika ni Bruce Horn na Steve Capps. Hapo kuvuta kwa kipanya kukawa njia ya kawaida ya kufanya yote. Kitendo ni kimoja, nia zinaweza kuwa mbili. Basi sasa mashini yenyewe ilipaswa kukisia mtu anataka nini.

Kanuni yenye waliweka ni hii: ukivuta faili ndani ya diski moja, inahama, ukiivuta toka diski moja kwenda diski ingine, inanakiliwa.

Ukiwaza hali ya wakati ule, utaona akili yake. Disketi ya Macintosh ilikuwa na nafasi ya kilobaiti 400. Picha moja ya simu ya leo isingeingia. Kama kila kuvuta ndani ya disketi kungeleta kopi, disketi ingejaa mara moja, na mtu angekuwa na barua ileile mu folda tatu bila kujua ya mwisho ni gani. Kwa hiyo ndani ya diski, kuhamisha kulifaa. Kati ya disketi mbili, ilikuwa kinyume. Disketi inatoka, inaingia mu mufuko, inapotea, inaloweshwa na mvua. Kama kuvuta kungehamisha, kopi ya pekee ya kazi yako ingeondoka na disketi. Kwa hiyo hapo kunakili kulikuwa usalama.

Tena, tofauti ilionekana kwa macho. Ile Macintosh ya kwanza ilikuwa na mlango mmoja wa disketi na kumbukumbu ya kilobaiti 128, basi kunakili toka disketi moja kwenda ingine kulitaka uzitoe na kuzirudisha mara mingi. Hakuna mtu angesahau kama alikuwa kati ya disketi mbili. Alikuwa nazo mu mikono.

4. Windows na Porte-documents

Microsoft ilichukua kanuni hiyohiyo. Ilikuwa tayari mu Windows 3.1 ya 1992, na Windows 95, yenye ilitoka tarehe 24/8/1995, iliieneza mu dunia nzima. Ilikuwa pia na vitu vitatu vya kumusaidia mtu, na vyote viko hata leo. Cha kwanza: ukivuta, na alama ndogo ya kujumlisha (+) ikaonekana pembeni ya kishale, ni kunakili. Cha pili: ukifinya Ctrl wakati unavuta, unalazimisha kunakili, ukifinya Maj, unalazimisha kuhamisha. Cha tatu: ukivuta kwa kifungo cha kuume cha kipanya, mashini inakuuliza kwanza, “Copier ici” ao “Déplacer ici”. Hicho cha tatu ni kama kurudi ku akili ya Star: mtu aseme nia yake. Lakini ni wachache wenye walikijua, na ni wachache wenye wanakijua leo.

Kuna kitu kingine cha Windows 95 chenye vijana hawakukijua: Briefcase, ao Porte-documents mu Windows ya Kifaransa. Ilikuwa folda ya pekee kwa mtu mwenye anafanya kazi ku kompyuta mbili. Unaweka mafaili ndani yake, unakwenda nayo nyumbani ku disketi, unafanya kazi, unarudi, na mashini inalinganisha ya ofisi na yenye umeleta, inasasisha. Ni babu ya folda za wingu. Na kumbe wale waliyoitengeneza waliona hatari mapema: ukivuta faili kuingiza mu Porte-documents, faili ya kwanza ilibaki pale ilikuwa, na kopi njo iliingia ndani, hata kama vyote viko ku diski moja. Walijua kwamba mwenye anaweka karatasi mu sanduku la safari hataki kuondoa ya ofisini.

Porte-documents haikupendwa sana. Microsoft ilianza kuiacha na Windows 8. Lakini ile akili yake ilistahili kukumbukwa.

5. Flash ilitufundisha vibaya

Tangu 2000 flash za USB zilianza kuuzwa. Huku kwetu, kwa wasomi wengi, flash njo ilikuwa shule ya kwanza ya kompyuta. Hatukuwa na mashini nyumbani. Tulikuwa na flash ku shingo. Kazi inaandikwa mu sekretariati, inaingia ku flash, inakwenda kuchapwa pahali pengine. Sababu flash ni diski tofauti, kila kuvuta kulikuwa kunakili. Kwa miaka mingi mikono yetu ilijifunza kwamba kupeleka faili inje ya mashini kunaacha ingine ndani.

Siku folda ya wingu ilionekana ku mashini, na jina lake na picha yake ya pekee, akili yetu ilisema: hii ni flash ingine, paka kwamba iko ku Intaneti. Hapo njo mtego ulipo.

6. Folda yenye iko hapa na kule

Drew Houston, mwenye alisoma ku MIT, amesimulia vile wazo la Dropbox lilimujia: alikuwa mu basi toka Boston kwenda New York, akaona amesahau flash yake. Yeye na Arash Ferdowsi walianzisha kampuni mu 2007, na Dropbox ikafungulia watu wote mu Septemba 2008. Uzuri wake ulikuwa urahisi: folda moja ya kawaida ku diski yako. Chenye unaweka ndani kinapanda kwenye kompyuta za kampuni, na kinashuka ku mashini zako zingine. Hakuna kitu kipya cha kujifunza.

Mu Aprili 2012, Google ikatoa Google Drive, na Microsoft ikatoa programu ya namna ileile kwa SkyDrive yake, yenye ilibadilisha jina mu 2014 na kuitwa OneDrive. Zote zilifuata ule mfano wa folda ya kawaida.

Lakini folda ya kawaida inafuata kanuni ya kawaida, ile ya 1984. Ile folda ya Dropbox ao ya OneDrive iko ku diski yako, diski C, sawa na Desktop yako. Kwa macho ya mashini hakuna safari yoyote: ni kubadilisha mstari mu daftari. Kwa hiyo ukivuta TFC yako toka Desktop kuiingiza mu folda ya wingu, inahama. Desktop inabaki tupu. Wewe unaamini umetengeneza kopi ya usalama. Kumbe bado uko na faili moja tu, na imebadilisha anwani.

Kinyume chake kinauma zaidi. Tuseme wasomi watatu wanachangia folda moja yenye matokeo ya mashamba ya majaribio, misimu miwili ya kupima mavuno ya mahindi. Mmoja anataka kazi yake ya nyumbani. Anafungula ile folda ku mashini yake, anashika folda ya vipimo, anaivuta ku Desktop. Kwake kila kitu ni kizuri: anaona mafaili yote. Lakini programu ya wingu inaona kitu kingine: mafaili yametoka, basi yamefutwa. Inapeleka ile habari kwa wenzake wawili, na ku mashini zao folda inatoweka. Hakuna mwenye alifinya kufuta, wala mwenye alikuwa na nia mbaya. Na ninyi wa agronomia munajua: faili ya Word inaweza kuandikwa tena, lakini msimu haurudi. Mvua ya mwaka ule imekwisha kunyesha.

7. Kitendo kimoja, majibu matatu

Chukua Google Drive peke. Ukifungula Drive mu navigateri, Chrome ao Firefox, na kuvuta faili toka Desktop kuiachilia mu ule ukurasa, faili inanakiliwa. Ya Desktop inabaki. Ukiweka programu yake ku Windows na kuchagua namna yenye inaonekana kama diski ya pekee, mara mingi kwa herufi G, kuvuta toka C kwenda G kunanakili pia, sababu Windows inaona diski mbili. Lakini ukichagua ile namna ingine, yenye folda zinakaa ku diski yako C, kuvuta kunahamisha.

Kampuni ni moja, faili ni moja, mkono ni ule ule, lakini majibu ni tofauti. Msomi mwenye alijifunza kwa rafiki mwenye anatumia navigateri anakwenda kufanya hivyo hivyo ku mashini ya ofisi, na matokeo yanageuka. Siyo ujinga. Kanuni ya zamani iliuliza swali moja, “Ni diski moja ao mbili?”, na wakati ule kila mtu aliweza kujibu kwa kuangalia mikono yake. Siku hizi jibu limefichwa mu mipangilio yenye mtu mwingine alichagua siku ya kuweka programu.

Kisha kuna mambo mawili yenye yaliongeza ukungu. Mu 2016 Apple, na mu 2018 Microsoft, walileta namna ya kuweka Desktop na Documents zako zote mu wingu. Ku OneDrive, ile kazi inaitwa “sauvegarde”. Neno hilo linatufanya tuwaze kopi ya akiba. Lakini chenye kinafanyika ni kwamba zile folda zenyewe zinahamia ndani ya folda ya OneDrive. Unadhani uko na mbili, uko na moja.

Jambo la pili lilikuja ku Windows 10 mu 2017: faili zenye zinaonekana ku mashini na kumbe hazipo. Ukiona alama ndogo ya wingu pembeni ya jina, faili iko ku Intaneti peke. Jina tu njo liko kwako. Kwa mtu wa Brussels ao Toronto, pengine hatajua tofauti. Kwetu, mega zimekwisha, umeme hakuna, na soutenance ni saa tatu asubuhi. Unafinya mara mbili, faili inakataa kufunguka. Jina halisomeki mbele ya juri.

Na kuna kosa lingine la kinyume, lenye linatugusa sisi wenye mega ndogo. Kuhamia mu folda ya wingu kunafanyika mara moja, kwa kuwa ni mstari mu daftari. Kupanda ku Intaneti kunaweza kuchukua saa mingi. Mtu anaona folda ya gigabaiti mbili imeingia, anafunga mashini, anakwenda kulala na roho safi. Kumbe hakuna hata nusu imepanda. Mwizi akipita usiku ule, wingu haliko na kitu cha kumurudishia.

8. Mbele ya kompyuta, swali lilikuwa lilelile

Kuna mtu atasema haya ni mambo ya mashini tu. Hapana. Angalia herbarium, zile nyumba zenye zinaweka mimea mikavu kwa ajili ya sayansi. Tangu zamani, mtaalamu wa mimea akikuta mti mpya porini, anakata matawi kadhaa ya mti uleule, anayapa namba moja, kisha anagawa: tawi moja linabaki herbarium yake, mengine yanakwenda herbarium za inchi zingine. Ni kunakili kwa mkasi.

Faida yake ilionekana mu Machi 1943. Herbarium ya Berlin-Dahlem, moja ya kubwa za dunia, iliungua kwa mabomu. Mule mulikuwa vielelezo vingi vya mimea ya Afrika, vyenye vilikusanywa wakati wa ukoloni wa Wadachi, pamoja na vya safari za pande zetu, kama ile ya 1907 na 1908 yenye mtaalamu Johannes Mildbraed alipita ku Ziwa Kivu na volkeno za Virunga. Mimea yenye tawi lake lingine lilikuwa limetumwa kwingine, wataalamu waliweza kuendelea kuisoma na kusimamisha jina lake upya. Yenye ilikuwa na kielelezo kimoja tu mu Berlin, walibaki na maneno ya kitabuni.

Sasa weka pembeni yake hii ingine. Wakati wa uhuru wetu, mu 1960, sehemu ya nyaraka za utawala wa kikoloni ilipakiwa na kupelekwa Brussels. Hazikunakiliwa kwanza; zilihamishwa. Njo maana msomi wa Lubumbashi ao wa Kisangani mwenye anataka kuandika historia ya babu zake, mara mingi anahitaji viza na tikiti ya ndege ili asome karatasi zenye ziliandikwa hapa, juu ya watu wa hapa. Tangu 1960, vizazi vya wasomi vinalipia ile tofauti ya kunakili na kuhamisha.

Na hatuna haja ya kwenda mbali. Mu Januari 2002, lava ya Nyiragongo iliingia katikati ya mji wa Goma. Mu Mei 2021 volkeno ililipuka tena, watu wakakimbia na chenye mkono ulikamata. Mwenye diploma yake ilikuwa karatasi moja mu sanduku moja, anajua nini ninasema. Kwa sisi, wingu siyo anasa. Ni pahali pa kwanza penye kopi ya pili inaweza kulala mbali na moto, na mwizi, na vita. Lakini ni lazima iwe kopi ya pili kweli.

9. Tufanye nini?

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni yenye inakumbukwa kwa namba 3-2-1: kopi tatu, ku vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali. Kwa msomi wa kwetu, inaweza kuwa hivi: moja ku mashini, moja ku flash yenye inalala nyumba ingine, moja ku wingu. Bei yake ni flash moja na mega kidogo.

Kwa kuvuta kwenyewe, ninashauri mambo haya.

Usivute kwa mazoea. Vuta kwa kifungo cha kuume, na uchague “Copier ici”. Kama uko haraka, finya Ctrl na uangalie ile alama ya + mbele ya kuachilia. Ku Mac, ni funguo ya Option.

Ukisha kuachilia, rudi pale faili ilitoka na uangalie kama bado iko. Sekunde tatu tu. Ni ile nafasi ya kuangalia yenye watu wa DOS walikuwa nayo, kati ya COPY na DEL.

Mu folda ya kuchangia, usitoe kitu kwa kuvuta. Nakili kwa Ctrl-C, kisha Ctrl-V kwako. Kikundi chenye kiko na vipimo vya pekee kiweke mtu mmoja wa kushika kopi inje ya ile folda, na kila mtu ajue ni nani.

Kabla ya kufunga mashini, angalia kama programu ya wingu imesema imemaliza kupandisha. Kabla ya siku ya soutenance, faili zako zote ziwe na alama ya kijani, siyo ya wingu.

Na kama jambo limekwisha kutokea, usilie kwanza. Fungula ukurasa wa Dropbox, wa Drive ao wa OneDrive ku Intaneti, uingie mu kapu ya vitu vyenye vilifutwa, ile corbeille. Kwa akaunti za kawaida za bure, vitu vinabaki pale siku 30. Nyuma ya hapo, kawaida hakuna namna ya kuvirudisha. Kwa hiyo mwenye ameona folda imetoweka asinyamaze kwa haya wala kungoja kikao cha mwezi ujao: aandikie wenzake siku ileile.

Ninaomba kila mmoja wenu afanye jaribio leo, mbele ya kulala. Tengeneza faili moja isiyo na maana, uiite “jaribio”, uivute mu folda yako ya wingu, kisha urudi uangalie. Utajua mashini yako iko na kanuni gani. Halafu andikeni hapa chini, ku maoni, namna yenu ilifanya nini, na munatumia programu gani, ili wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wajifunze mapema.